Mgeni wa kujitolea na siku yake ya matembezi: kazi, utalii na utamaduni Zanzibar

Kila kinapoingia kipupwe, kati ya Juni na Agosti, vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani huwa vimefunga, na vijana wa kigeni huanza kuonekana katika vijiji vyetu wakiwa na mwenendo usiofanana na wa watalii wa kawaida. Asubuhi wanapanda daladala pamoja nasi, wanaingia skuli au kituo cha afya, wanashinda huko mpaka mchana, na ikifika Jumamosi unawakuta Nungwi au Paje wakiogelea. Hapo ndipo maneno ya barazani yanapoanza. Huyu kaja kufanya kazi au kaja kutembea? Ikiwa kaja kusaidia, mbona inasemekana kalipa fedha nyingi ili asaidie? Na hizo fedha zimekwenda wapi? Wapo wanaohitimisha kwamba kujitolea ni jina jingine la utalii wa bei nafuu, na wapo wanaomwona mgeni aliyekwenda ufukweni kuwa amewadanganya wenyeji wake. Hukumu zote mbili zina kosa ndani yake, na ni vyema tukalitafuta kosa hilo kwa utulivu, kwa sababu linawagusa watoto wetu, wagonjwa wetu na heshima ya nyumba zetu.

Kwanza tuwatenganishe watu wenyewe, kwani tumezoea kuwaita wote kwa jina moja la wageni. Mtalii amekuja kustarehe na kuona. Analala hotelini au katika nyumba ya wageni, anatumia fedha zake, kisha anaondoka. Watu wa aina hii ni wengi mno, na mwaka 2023 peke yake walioingia Zanzibar walipindukia laki sita. Mgeni wa kujitolea anatoa muda na ujuzi wake bila ya mshahara, chini ya taasisi inayojulikana, kwa kazi ambayo wenyeji wameiomba. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kama yule wa udaktari anayepita wodini kwa wiki chache, hajaja kutoa bali kujifunza. Chuo chake ndicho kilichomtuma, na wauguzi na madaktari wetu ndio walimu wake. Wa nne ni yule aliyenunua safari iliyochanganya mambo yote: wiki mbili au tatu za kazi, siku ya kwenda shamba la viungo, siku ya pomboo, na usiku wa ngoma, vyote vikiwa vimepangwa na kampuni na kuuzwa kwa bei moja. Huyu wa nne ndiye anayezua mjadala, na sifa zake nzuri na mbaya huwaangukia wenzake watatu bila ya wao kuhusika.

Kujitolea nje ya nchi hakukuanza na kampuni hizo. Uingereza ilianzisha shirika la VSO mwaka 1958, Marekani ikaunda Peace Corps mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake. Japani nayo ilianza kupeleka watu wake mwaka 1965. Katika mipango hiyo mtu hukaa muda mrefu, mara nyingi miaka miwili, halipi ada yoyote, hupewa posho ya kujikimu na hufundishwa Kiswahili kabla ya kukabidhiwa kazi. Tulio watu wazima tunawakumbuka walimu wa hesabu na sayansi wa namna hiyo, waliozungumza lugha yetu vizuri na kukaa hadi wakajua nani ni mtoto wa nani. Baadaye safari za ndege ziliongezeka, vijana wakataka kwenda kwa muda mfupi zaidi, na biashara ya kuwapeleka ikakua haraka. Mtu anayekaa wiki tatu hana serikali inayomgharamia, kwa hiyo gharama zake huzibeba mwenyewe. Swali la «mbona kalipa» lina jibu jepesi kuliko tunavyodhani: ni lazima alale, ale na asafirishwe, na skuli ya kijijini haina bajeti ya kumlisha.

Jibu zito linafuata baada ya hapo. Ada anayolipa mgeni hugawanyika: chumba na chakula, gari la kumpokea uwanja wa ndege au bandarini, malipo ya mratibu wa hapa, gharama za matangazo na ofisi ya kampuni huko ilikotoka, faida ya kampuni hiyo, na kwa baadhi ya kampuni tu, mchango kwa mradi wenyewe. Mafungu hayo hayalingani, na kila kampuni ina mgawo wake. Kwa hiyo ile dhana kwamba «mzungu kalipa, basi skuli imeshalipwa» haina msingi mpaka pawe na maandishi yanayoonyesha hivyo. Dhana hii imewaletea aibu walimu wakuu wasio na kosa, ambao huulizwa na wazee kwenye kikao zilikokwenda fedha za mgeni, ilhali mwalimu mwenyewe hajapokea hata boksi la chaki. Dawa yake ni kuuliza mapema. Kampuni au jumuiya inayomleta mgeni iseme mbele ya kamati ya skuli na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, ni kiasi gani kinabaki kijijini, kinapokewa na nani, na kwa ajili ya nini. Anayeshindwa kulieleza hilo kwa sentensi mbili anastahili kucheleweshewa ruhusa. Nyumba inayompangisha mgeni nayo isione haya kusema kwamba inalipwa, kwa kuwa mwenye nyumba ananunua samaki, anapika na kufua mashuka kwa ajili yake, na malipo hayo ni halali.

Sasa turudi kwenye matembezi ya Jumamosi. Chukua mfano wa shughuli ya harusi. Jirani anayefika alfajiri akamenya vitunguu na kuchambua mchele, na usiku akala pilau na kukaa kusikiliza taarab, hakuna anayemwambia kwamba amefuata pilau. Kazi ameifanya, na kula na kufurahi ni sehemu ya kuwa mtu wa nyumba ile. Lakini akitokea mwingine aliyeingia jikoni saa moja tu, akakoroga sufuria mara mbili huku akipigwa picha, kisha akakaa mbele na kuwasimulia watu jinsi alivyopika, wapishi wanamjua na wanamkasirikia kwa haki. Mgeni wa kujitolea hupimwa vivyo hivyo. Aliyefundisha Jumatatu hadi Ijumaa kwa ratiba aliyopewa ana haki ya kwenda Jozani siku ya mapumziko yake kama vile mwalimu wetu alivyo na haki ya kwenda kumtembelea mama yake Wete. Ubaya huanza pale kazi yenyewe inapogeuzwa kuwa matembezi: darasa linapokuwa kituo cha kupita, mgonjwa anapokuwa kitu cha kutazamwa, na mtoto anapokuwa mapambo ya picha.

Wanaotoka kwetu kwenda nje nao wanatembea, wala hatuwalaumu. Kwa miaka kadhaa wahudumu wa afya wa Hospitali ya Mnazi Mmoja wamekwenda Bergen, nchini Norway, kwa mpango wa kubadilishana na hospitali ya Haukeland, na Wanorway wakaja hapa. Mtu aliyefika Bergen akafanya zamu zake wodini, kisha akapanda mlima siku ya mapumziko ili kuuona mji na bahari yake, amerudi na picha ya nchi ile ambayo wodi peke yake isingempa. Kuijua nchi husaidia kazi, kwa sababu anayeelewa watu wanaishi vipi hutoa huduma inayowafaa zaidi.

Upande wa sheria umejaa uvumi kuliko upande mwingine wowote. Uvumi mkubwa ni kwamba mtu asiyelipwa mshahara anaweza kufanya kazi yoyote kwa viza ya matembezi, kwa hoja kwamba bila ya mshahara hakuna kazi. Sivyo. Viza ya kawaida ya matembezi inamruhusu mgeni kutembea, na kufundisha au kuhudumia wagonjwa ni kazi hata kama mfuko wake hauongezeki kitu. Anayekuja kujitolea anatakiwa kuwa na ruhusa inayolingana na shughuli yake, na kibali cha ukaazi kinachowahusu watu wa kujitolea, pamoja na watafiti, wanafunzi na wamishonari, ni cha Daraja C. Hapa Zanzibar kuna jambo la ziada linalowachanganya hata waratibu wenye uzoefu: uhamiaji ni suala la Muungano, lakini kazi si suala la Muungano. Kwa hiyo njia ya makaratasi hupita pia katika mamlaka za kazi za Zanzibar, na aliyezoea utaratibu wa Dar es Salaam asidhani kwamba ameshamaliza. Hali ni hiyo hiyo kwa jumuiya zinazopokea wageni, kwani usajili wa Tanzania Bara na usajili wa Zanzibar ni madaftari mawili tofauti.

Yapo mengine mawili ya kupita kwa haraka. Tangu mwaka 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na mgeni wa kujitolea hakuachwa nje kwa kuwa tu amekuja kwa wema. Pia, mgeni anayepita nyumba hadi nyumba akiuliza maswali na kuandika majibu anafanya utafiti, hata kama yeye anauita mradi mdogo wa chuo, na utafiti una kibali chake. Wanavijiji wana haki ya kukiona kibali hicho kabla ya kujibu swali la kwanza.

Tukiyatazama matembezi yenyewe, maeneo yanayotembelewa yanajulikana, ila si kila mmoja anaelewa kila eneo linamtaka nini mgeni. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sababu ni kwamba ni mji unaoishi: watu wanalala ndani ya nyumba zile za mawe, watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani kupitia vichochoro vile, na baraza za nje ni sebule za wazee. Mgeni anayeingiza kichwa mlangoni ili apige picha ya ua ameingia nyumbani kwa mtu. Vitabu vya zamani vya wageni bado vinawapeleka watu kwenye makumbusho ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, bila kuwaeleza kwamba sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Mwenyeji anayempangia mgeni siku yake ampe habari za leo, na amtafutie mtembezaji mwenye leseni ya Kamisheni ya Utalii badala ya kumwacha mikononi mwa mapapasi, watembezaji wasio na leseni, wa Forodhani.

Mkunazini, humo humo Mji Mkongwe, panahitaji maelezo zaidi, na naona wenyeji wengi hatupatilii uzito unaostahiki. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na Kanisa la Anglikana likajengwa juu ya kiwanja hicho hicho. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa mnyororo shingoni. Wageni wengi wa kujitolea huletwa hapa siku yao ya kwanza, kabla hawajakutana na mtu yeyote wa kijijini wanakokwenda, na wengine husimama mbele ya sanamu zile wakitabasamu kwa picha. Ningependa wapelekwe baadaye, wakiwa wameshaishi na watu kwa wiki kadhaa, na wafuatane na mtu anayeweza kuwaeleza kwamba vizazi vya walioletwa hapa wamo miongoni mwa majirani zao wa leo. Historia hii inataka ukimya na muda; haifai kubanwa kati ya chakula cha mchana na shamba la viungo.

Kwa upande wa viumbe, mgeni aliyekuja kwa mradi wa mazingira hujikuta katika mtihani maalumu. Jozani, iliyo sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, ndiko anakoishi kima punju wa Zanzibar, ambaye asili yake ni kisiwa hiki cha Unguja na si kwingine duniani. Utaratibu wa pale ni mzuri: mgeni hutembea na mwongozaji, hamlishi wala hamgusi kima, na sehemu ya mapato hurudi kwa vijiji jirani ambavyo mazao yao huliwa na wanyama hao. Kizimkazi hali ni tofauti. Pomboo wa huko wamekuwa kivutio kikubwa, na watafiti wameonyesha kwamba boti nyingi zinapowafuata kwa pamoja na watu kurukia majini juu yao, pomboo hupunguza muda wa kupumzika na kubadilisha mienendo yao. Mtu anayefundisha watoto Jumatano umuhimu wa kuhifadhi bahari, kisha Jumapili akamlipa nahodha awafukuzie pomboo, amelibomoa somo lake mwenyewe. Wapo manahodha wanaokubali kukaa mbali na kuzima mashine, na hao ndio wa kupewa kazi.

Pemba wageni wa namna hii ni wachache zaidi, na pengine ndiyo sababu mambo mengi huko yamebaki kwenye mizani. Kidike, watu huenda kuwatazama popo wakubwa wa Pemba wakining'inia mitini mchana. Popo hawa hawapatikani porini mahali pengine popote, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Waliongezeka tena baada ya wanavijiji wenyewe kukubali kuwalinda, kwa msaada kutoka nje uliofuata mpango wao. Mgeni wa kujitolea anayefika pale ajifunze kwanza jinsi jambo hilo lilivyofanyika, kwa kuwa ni mfano halisi wa msaada uliofika mahali palipokuwa na mwenye shamba. Kuna pia Msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali na magofu ya Pujini yanayonasibishwa na Mkama Ndume, na ukibahatika wakati wake, mchezo wa ng'ombe, ambao ng'ombe huchezewa kwa kitambaa huku wanawake wakiimba, na ng'ombe hauawi.

Mchezo huo unatuingiza katika utamaduni, neno linalotumiwa sana katika matangazo ya safari za kujitolea. Ahadi ya kawaida ni «utamaduni halisi», na mgeni hufika akitarajia kuoneshwa kitu jukwaani. Makunduchi, kila Julai, kuna Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa magomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huzunguka wakiimba wakiwa wamevaa vizuri, na kila nyumba hupika. Mambo hayo ni mwaka mpya wa watu wa kusini, njia yao ya kumaliza kinyongo na kutakiana heri, na yangefanyika hata kama hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja. Wageni wanakaribishwa kwa moyo mmoja, tena kukosa mgeni siku ile si jambo la kupendeza. Aliyealikwa avae kwa stara, aketi alipooneshwa, ale alichopewa, na aulize kabla ya kuinua kamera.

Muziki nao una mlango wake. Taarab ya hotelini, inayopigwa nusu saa wakati watu wanakula, ni taarab iliyokatwa miguu. Mgeni anayetaka kuijua aende akasikilize mazoezi ya vikundi vya zamani. Nadi Ikhwan Safaa ilianza mwaka 1905 na Culture Musical Club nayo ina umri mkubwa, na ndani ya ukumbi wa mazoezi ndimo utakapoona namna fidla inavyomjibu mwimbaji na namna bibi mmoja anavyonyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa fedha kwa sababu ubeti fulani umemgusa. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi (Dhow Countries Music Academy), kilichoanzishwa mwaka 2002, kimekuwa kikifundisha ala za nyuzi za udi na kanuni, pamoja na ngoma, kwa vijana wetu na kwa wageni, na walimu wa kigeni waliojitolea pale wamekuwa wanafunzi wa masomo mengine katika jengo hilo hilo. Mpango wa namna hiyo, ambao kila upande una cha kufundisha, naupenda kuliko mingine yote. Anayetaka lugha kwa utaratibu naye ana pa kwenda, kwani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha Kiswahili kwa wageni, kazi iliyorithiwa kutoka TAKILUKI, iliyokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni.

Hata hivyo, mgeni wa kujitolea hupata sehemu kubwa ya utamaduni mahali ambapo hakuna tangazo linalopataja, nako ni uani kwa mwenyeji wake. Anapewa nazi na kukalishwa juu ya mbuzi. Mara ya kwanza anakwangua kwa pupa, na nazi inatoka na vipande vyeusi vya ganda la ndani. Bibi wa nyumba humshika mikono, akamwonesha kuzungusha kifuu polepole ili meno yapite juu ya nyama tu, kisha maji ya vuguvugu, kisha kukamua. Tui zito linawekwa kando la kumalizia mchuzi, na jepesi linatangulia jikoni kupikia muhogo. Saa nzima imepita, na katika saa hiyo amejua majina ya watoto, amejua nani anasafiri na nani anaumwa, amejifunza kusema shikamoo kwa anayestahiki na kuitikia hodi. Kampuni haiwezi kuyapanga mambo hayo kwenye ratiba. Yanatokea kwa mtu anayerudi nyumbani jioni badala ya kwenda hotelini.

Ramadhani ndiyo humpa mgeni mtihani mkubwa wa adabu. Mchana sehemu nyingi za kula huwa zimefungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea watu walio katika ibada. Asiyefunga hula ndani, kimya kimya, na hakuna atakayemsumbua. Jioni huitwa kwenye futari, naye akifika na tende au matunda mkononi amefanya uungwana. Mratibu anayemleta mgeni mwezi huo bila kumweleza hayo amemkosea mgeni na wenyeji kwa pamoja. Mavazi nayo hayahitaji mjadala mrefu: nguo za kuogelea mwisho wake ni ufukweni, na kijijini mabega na magoti hufunikwa, kwa wanaume na wanawake.

Nimeacha watoto mwisho kwa sababu hapo ndipo ningependa msomaji anielewe bila ya shaka. Kutembelea nyumba za mayatima kumekuwa sehemu ya safari nyingi za kujitolea duniani, na mwezi Desemba mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya haki za mtoto lililozitaka nchi kuzuia madhara yatokanayo na mipango ya kujitolea katika nyumba hizo, ikiwemo ile inayofungamana na utalii. UNICEF na mashirika mengine yamekuwa yakieleza kwamba watoto wengi wanaoishi katika nyumba za namna hiyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Fedha za wageni zinapokuwa nyingi, hupatikana mtu wa kujaza vitanda. Na hata pale nyumba inapoendeshwa kwa uaminifu, mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila baada ya wiki mbili, akamzoea, kisha akaachwa, hujeruhiwa mara kwa mara mahali pasipoonekana. Desturi yetu ni kumlea yatima ndani ya ukoo, kwa shangazi au kwa bibi. Anayetaka kusaidia aisaidie nyumba hiyo ya shangazi iweze kumlea, na njia nzuri ni kupitia kwa sheha na ofisi za ustawi wa jamii, bila ya ziara na bila ya picha.

Skulini hali inafanana kwa kiasi chake. Kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa kwao hapati sifa ya ualimu kwa kupanda ndege. Anaweza kuwa msaidizi mzuri wa mwalimu wa Kiingereza, akasoma kwa sauti, akazungumza na wanafunzi wakati wa mapumziko, akatengeneza vifaa. Akikabidhiwa darasa zima, wiki zake tatu zinapokwisha mwalimu hulazimika kurudia somo upya. Tunao pia vijana wetu waliosomea ualimu wanaofundisha kwa kujitolea huku wakisubiri ajira, na si haki mgeni apewe nafasi ambayo mmoja wao angeifanya vizuri zaidi. Hospitalini mpaka ni mkali zaidi: asichoruhusiwa mwanafunzi kumfanyia mgonjwa katika nchi yake, asimfanyie hapa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza huyu ni nani na kukataa.

Picha zinafuata sheria hiyo hiyo. Mwanamke anayefunga mbegu za mwani kwenye kamba pale Jambiani, maji yakiwa magotini na jua utosini, yuko kazini. Mgeni amsalimie, angoje aitikiwe, aombe, na akikataliwa ashushe kamera. Ya mtoto iombwe kwa mzazi, na ya darasani kwa mwalimu mkuu, kwa maelezo ya wapi itatumika. Kamati ya skuli inaweza kuyaandika hayo katika karatasi moja, pamoja na saa za kazi, siku za mapumziko, jina la mwalimu anayemsimamia mgeni na fungu linalobaki kijijini, na kumpa mgeni aisaini siku anayofika, kabla hajaoneshwa chumba chake.